Wenyeji Walisaidia

Nimestaafu kazi, lakini mdomo sijaustaafisha. Nyie vijana mnaotembeza wageni siku hizi hapa Tanga, wenye vitambulisho shingoni na simu zinazowaonyesha njia, nina neno na nyie. Atakayeona maneno yangu ya moto ayafunikie kawa, atayala yakipoa.

Mimi ni Bi Rukia wa Chumbageni. Nimekuwa mkalimani na mtembeza wageni kwa miaka zaidi ya thelathini. Wageni wangu hawakuja kuota jua. Walikuwa wazee wa Kizungu wenye kofia pana na madaftari, wapenzi wa habari za vita vya majini vya zamani. Tongoni kwenye magofu walipita kwa adabu tu, dakika kumi, picha mbili. Kilichowaleta ni meli moja ya Kijerumani iliyozama kwenye ghuba ya kijiji cha Kichangani, kaskazini ya hapa, wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Mwezi uliopita wameniandikia. Barua imetoka kwa Mjerumani mmoja, nahodha mstaafu, niliyewahi kumtembeza zamani. Anasema wana chama chao huko kwao, wanataka kusimamisha kibao pale ufukweni, kwa Kijerumani, Kiingereza na Kiswahili. Maneno ya Kizungu yako tayari, mimi niyatie Kiswahili.

Nikavaa miwani nikasoma. Yumo nahodha wa meli, jina lake na cheo chake. Yumo baharia aliyekufa, jina lake, umri wake na mji aliozaliwa. Imo manowari ya Waingereza iliyoifukuza, pamoja na mizinga yake. Zimo hata mbao zilizopakiwa juu ya sitaha. Mbao, jamani, zimetajwa. Halafu mwisho kabisa, kabla ya kumshukuru fulani na fulani, mstari mmoja: shehena iliopolewa baadaye, na wenyeji walisaidia.

Walisaidia. Kama jirani anayekusaidia kuanua nguo mvua ikianza. Niliinuka nikaenda jikoni nikasonga ugali ambao hakuna aliyeuagiza, kwa sababu mkono wangu ulikuwa unatafuta kitu cha kupiga.

Na wala msidhani nimewakasirikia Wazungu peke yao. Nyie pia nimewakasirikia. Wiki hiyohiyo nilikwenda ghubani nikamkuta mmoja wenu, kijana mzuri, kapiga pasi, anawaeleza wageni kwamba meli ile ilipofika wanakijiji waliipokea kwa ngoma. Kwa ngoma! Nikamwita pembeni nikamwuliza habari hiyo kaitoa wapi. Akasema, "Shikamoo bibi, wageni wanapenda." Sikumwitikia hata marahaba. Nilimtolea maneno ambayo mama yake akiyasikia atakuja kunishtaki. Baadaye njiani nikatulia, nikajiuliza na mimi nina haki gani ya kumtukana mtoto wa watu. Ndiyo maana naandika haya.

Kazi nilifundishwa na Mzee Kombo wa Mabawa, Mungu amrehemu. Alikuwa karani bandarini kabla ya kuanza kutembeza wageni, na alijua mambo, sitamnyima haki yake. Alinifundisha kuhesabu maji kwa mwezi na si kwa karatasi iliyobandikwa hotelini. Mwezi ukiandama, na ukifika kumi na nne, subiri siku moja mbili, bamvua linaiva, maji yanatoka mpaka mbavu za meli zinachungulia kwenye tope. Siku za maji mafu usimpeleke mgeni, ataona bahari tu, na bahari hata kwao ipo. Alinifundisha kubeba papai bichi mkobani, kwa ajili ya atakayekanyaga yule mdudu wa baharini mwenye miiba myeusi. Utomvu wake unalainisha, mwiba unatoka wenyewe, na mgeni anakuona daktari. Alinifundisha kumwuliza mzee wa watu kama ameshakwenda haja kabla ya kupanda mashua, kwa adabu, macho ukiyapeleka kwingine.

Msicheke. Mara ya kwanza nilipoachiwa wageni peke yangu nilikosea siku, maji yakarudi mapema kuliko nilivyodhani. Bibi mmoja wa Kiingereza, mnene, alizama kwenye tope mpaka magotini. Tulivyomvuta akatoka yeye, viatu vikabaki. Wanaume wa Kichangani walimbeba juu ya mlango waliong'oa kwenye banda la kuku, naye kakaa pale juu mgongo wima kama bibi harusi, anawapungia mkono watoto. Alinitumia kadi kila mwaka mpaka alipofariki. Makosa ya namna hiyo yana dawa yake. Lipo la namna nyingine, nitalifikia.

Mzee Kombo alinifundisha na kanuni moja ambayo leo nikiikumbuka nasaga meno. Alisema, "Rukia, mgeni hakuja kujifunza, amekuja kukumbushwa. Mkumbushe anachokijua, umrudishe salama." Mimi nikaishika kanuni ile kama sura ya juzuu.

Nikakaa nikajifunza wanayoyajua. Naijua Bahari ya Kaskazini, ile bahari ya baridi iliyo baina ya Uingereza na Ujerumani, nami sijawahi hata kupanda ndege. Najua Waingereza walivyoifunga milango yake miwili, wa kusini kwenye mlangobahari mwembamba, wa kaskazini kule visiwani kwenye ukungu, chakula kisiingie Ujerumani. Najua mabomu waliyoyatega majini pande zote mbili, hata wavuvi wasiohusika wakawa wanapasuliwa na nyavu zao. Najua manowari kubwa kubwa walizozijenga kwa jasho la miaka, halafu zikakaa bandarini zikiogopana, zikatoka siku moja zikapigana kutwa, zikarudi, na kila upande ukatangaza umeshinda. Haya yote niliyakariri kwa taa ya chemli. Ya Kichangani, mwendo wa asubuhi moja kutoka kwangu, sikumwuliza mtu.

Na hadithi ya meli yetu naweza kuisema huku nasuka ukili. Wajerumani waliokuwa huku walikuwa wameishiwa risasi, na manowari yao iliyojificha kwenye mikono ya mto Rufiji ilikuwa haina makaa. Wenzao wa kule wakachukua meli ya mizigo, wakaipaka rangi, wakaibandika jina la meli ya nchi nyingine isiyokuwamo vitani, wakatweka bendera ya nchi hiyo, wakachagua mabaharia wanaojua lugha yake. Silaha chini, mbao juu. Wakapenya kwenye Bahari ya Kaskazini katika dhoruba, chini ya pua za Waingereza, wakaizunguka Afrika nzima. Walipokaribia huku manowari ya Kiingereza ikawaona, ikawafukuza, ikawapiga. Nahodha akakimbilia ghubani, akafungua maji yaingie mwenyewe ili meli ikae chini kwenye kina kifupi, na zile mbao akaziwasha moto. Waingereza wakaona moshi, wakasema hii kwisha kazi yake, wakaenda zao. Na mzigo uko salama chini ya maji.

Hapo mgeni hupiga makofi. Mjerumani anapiga kwa fahari, Mwingereza anapiga kwa kuwa Waingereza hupenda kumsifu adui aliyekwisha kufa. Nami nafunga mkoba. Mnaona kilichokosekana? Mzigo uko chini ya maji, na risasi zile zilikuja kupiga watu miaka mingine zaidi. Nani aliyezitoa? Miaka na miaka hakuna mgeni aliyeniuliza. Nami sikusema, kwa sababu kanuni ilisema mkumbushe, na huwezi kumkumbusha mtu asichokijua.

Sasa niwaambie aliyeniambia.

Kichangani tulikuwa tukisubiri maji yatoke kwenye ua wa Bi Mize, mwanamke wa makamo yaliyopita, mwembamba, mkali wa macho, aliyekuwa akiwauzia wageni madafu na mihogo ya kuchemsha. Siku hiyo nilikuwa na wageni wawili tu. Mmoja ni huyu Mjerumani aliyeniandikia barua, wakati huo bado yuko kazini kwenye meli zao. Wa pili Mwingereza mfupi, mwalimu. Wakaanza kubishana ni nani aliyeshinda siku ile manowari zilipotoka Bahari ya Kaskazini. Mjerumani akapanga vipande vya mihogo kwenye mkeka, hizi zetu. Mwingereza akapanga makome, hizi zetu. Wakasogezeana, wakazungushiana, sauti zikapanda. Kuku wa Bi Mize akaja akameza manowari mbili za Kijerumani. Mwingereza akasema hiyo nayo ihesabiwe.

Bi Mize alikuwa ananitazama mimi. Akauliza wanagombania nini. Nikamwambia bahari. Akauliza ipi. Nikamwambia ya kwao, ya kaskazini, siku za vita vile vilivyoleta meli hapa. Akapangusa mikono kwenye kanga, akaja akapiga magoti mbele ya wale wageni, kwenye ncha ya mkeka.

"Wafasirie," akaniambia. "Waliolazimishwa kuwatolea risasi zao wakafa ni watu saba. Mmoja baba yangu. Waandike majina yao kwenye vitabu vyao, watu wao wapate kujua walikofia."

Halafu akanieleza. Meli ilipokwisha kukaa chini, askari walipita vijijini wakakusanya wanaume wanaojua kuzama. Kamba kiunoni, pumzi kifuani, unaingia kwenye tumbo la meli gizani, unafunga sanduku, unatingisha kamba. Wanne hawakutoka tena, na mmoja wao ni babake, yeye Bi Mize akiwa tumboni mwa mama yake. Risasi zilikuwa zimelowa, hivyo ufukweni watu wengine walikalishwa kuzifungua moja moja, ile baruti inaanikwa juani kwenye majamvi kama unga wa muhogo. Jamvi moja likalipuka, watatu wakateketea. Jumla saba. Na katika hao saba, wa Kichangani ni baba yake peke yake. Wengine waliletwa kutoka Bonde, kutoka Udigo, mmoja kutoka bara kabisa, hakuna aliyejua kwao. Sasa nani awasomee? Mama yake Bi Mize akawaingiza kwenye hitima ya nyumba yake. Kila Shaabani, ikisomwa hitima ya wafu wa ukoo kabla ya mwezi wa Ramadhani, mwalimu anapewa karatasi ya majina, na wale wageni sita wanatajwa pamoja na baba mtu. Mama alipokufa akaachiwa Bi Mize. Ni amana. Alikuwa amewabeba watu sita asiowajua maisha yake yote, na alikuwa anazeeka.

Akayataja majina yote saba, kidole kwa kidole. Akamaliza, akanitazama. Wageni wakanitazama.

Nyie mnaijua saa hiyo. Maji yameshatoka, jua limesimama, wageni wamefurahi, wanacheka na kuku. Ukisema neno moja zito siku imeharibika. Mzee Kombo akanijia kichwani. Nikafungua mdomo wangu huu, nikawaambia kwa Kiingereza kizuri kabisa kwamba mama huyu anawakaribisha Kichangani na anawaombea safari njema.

Wakaweka mikono vifuani. Yule Mjerumani akainamisha kichwa, kwa heshima, muda mrefu. Bi Mize alipoona kichwa kimeinama machozi yakamtoka, akanishika mikono yote miwili, asante mwanangu, asante. Tulipoondoka akanifungia pweza mkavu kwenye ukili. Nilimla. Naona haya kusema, lakini nilimla na alikuwa mtamu.

Safari iliyofuata akaniuliza kama wameandika. Nikamwambia wameandika. Akauliza kwenye kitabu? Nikamwambia kwenye kitabu, bibi, kikubwa. Wanasema njia ya mwongo fupi. Yangu ilikwenda miaka saba, mpaka Bi Mize alipofariki, na kila nikipita alikuwa ananipa dafu la bure.

Sasa mjue ilivyokuwa nilipoisoma ile karatasi ya kibao. Nilikasirika kwa ajili ya majina saba yaliyokosekana, halafu hasira ikageuka ikanitazama. Kikulacho ki nguoni mwako. Nikasema basi, bado sijachelewa. Karatasi ya hitima ipo kwa jamaa zake. Nitakwenda Kichangani, nitayachukua majina, nitayaweka kwenye kibao, kwa lugha zote tatu, na Bi Mize atapata haki yake huko aliko. Nilikwenda moyo mweupe, wallahi, kama mtu anayekwenda kulipa nadhiri.

Ua ule sasa ni wa mjukuu wake, Mwajuma, mama wa watoto wanne, analima mwani. Nilimkuta anafunga miche ya mwani kwenye kamba. Shikamoo, marahaba, akanipa kigoda, ananikumbuka tangu yuko mdogo. Nikamweleza habari ya kibao. Akafurahi. Nikamwomba ile karatasi ya majina ya Shaabani.

Akasema haipo.

Nikamwuliza haipo vipi, imeliwa na mchwa? Akasema hapana, bibi yake aliitoa mwenyewe. Aliita jamaa wote akawaambia wale watu sita wameshaandikwa Ulaya kwenye kitabu, habari zimekwenda kwao, kwa hiyo sasa wana watu wao wa kuwasomea. Akamwambia mwalimu katika hitima abaki kumtaja baba yake tu. Na kwa kuwa ile karatasi ilikuwa imeandikwa pamoja na jina la Mwenyezi Mungu, haikufaa kutupwa. Akaipeleka majini mwenyewe, bamvua, akaiachia. Akarudi akasema, amana imefika. Mwajuma aliniambia haya yote huku anatabasamu, kwa sababu kwake ilikuwa habari njema ya bibi yake. Alisema bibi alilala vizuri sana baada ya hapo.

Nyie vijana, mimi nimepiga kelele maisha yangu yote. Nimegombana na madereva, na mabaharia wa mashua, na wageni wenyewe. Pale niliokota kipande cha kamba nikawa nakifunga mafundo. Mwalimu aliyekuwa akisoma karatasi ile naye amekufa. Aliyebaki aliyesikia na kuelewa majina saba yakitajwa na Bi Mize, kidole kwa kidole, ni mimi. Nami siku ile nilikuwa natazama maji.

Nikamwambia Mwajuma ukweli. Sikuzungusha. Nikasema hakuna kitabu, hakukuwa na kitabu, maneno ya bibi yako niliyameza, nikawapa wageni mengine. Nilitaka anitukane. Angenitukana ningeshukuru. Yeye akaendelea kufunga mche aliokuwa nao mkononi, akaumaliza, akaanza mwingine, ndipo akaniuliza kwa upole kabisa, "Kwa hiyo miaka yote hii hawajasomewa na mtu?"

Nikamwambia hawajasomewa.

Tulikaa mpaka alasiri tunatafuta. Baba yake Bi Mize ni Bakari Mwinjuma, huyo hakupotea. Mimi nikamkumbuka Mhina wa Bonde, kwa kuwa Bi Mize alisema alikuwa na sauti, akiimba watu wanaacha kazi. Mwajuma akamkumbuka Juma Kibwana, aliyekuwa akitajwa mwisho. Yule wa bara tunajua alikuwa na pengo la meno ya mbele, jina hatuna. Wengine watatu hatuna kitu, hata pengo. Tulikwenda kwa wazee wawili pale kijijini, wakatikisa kichwa. Tulijaribu kuyasema kwa sauti, moja mbili tatu, tukitumaini la nne litajileta lenyewe. Halikuja. Usiulize nilivyorudi Tanga, nilirudi tu.

Nikakiandika Kiswahili cha kibao upya. Neno walisaidia nikalifuta. Nikaandika walikusanywa kwa nguvu, wakazamishwa, wengine wakaanikishwa baruti, wakafa. Nikaandika majina matatu. Nikamtumia yule Mjerumani, na siku ya pili Bwana Nahodha akanipigia simu mwenyewe. Sasa ni mzee, sauti inamtetemeka. Akasema maneno yangu ni mengi kuliko ya lugha nyingine, hayatoshei kibaoni. Nikamwambia aondoe mbao. Akasema sijakuelewa. Nikamwambia kuna mstari mzima wa mbao zilizopakiwa sitahani, aziondoe, mbao hazina mama. Akacheka kidogo, halafu akaona mimi sicheki.

Akaanza kunituliza. Akasema anaipenda sana Kichangani. Akasema hajamsahau yule mama mwembamba aliyepiga magoti akawaombea safari njema, mwenye kuku aliyekula manowari. Amewasimulia wajukuu zake mara nyingi. Siku zote akitaka kuwaonyesha ukarimu wa watu wa pwani huwaeleza habari za mama yule.

Hapo ndipo nilipomfasiria Bi Mize. Nilikuwa nimechelewa miaka mingi, lakini nilimfasiria, neno kwa neno, nikasimama wima ukumbini kwangu kama niko kazini. Waliolazimishwa kuwatolea risasi zao wakafa ni watu saba. Mmoja baba yangu. Waandike majina yao kwenye vitabu vyao, watu wao wapate kujua walikofia. Nikamwambia haya ndiyo aliyoyasema siku ile, ya safari njema yalikuwa yangu.

Nilijiandaa kwa hasira yake, au kwa visingizio, nami nilikuwa na majibu ya vyote viwili. Mzee Kombo angeniambia mgeni sasa atakata simu. Nikasikia droo inafunguliwa, karatasi inachakacha.

"Nina kalamu," akasema. "Taja."

Nikataja. Bakari Mwinjuma. Akarudia, akaandika. Mhina. Akaniuliza herufi, nikampa. Juma Kibwana. Akaandika.

"Endelea," akasema. "Naandika."

Vijana, angeandika. Hata siku ile juu ya mkeka angeandika, daftari lilikuwa mapajani mwake.

Nikamwambia aandike kwamba wengine wanne pia walitajwa, wakatajwa mbele ya mkalimani, na mkalimani hakuwafikisha. Akauliza kama nina hakika nataka hayo yaandikwe kwenye kibao. Nikamwambia kwa lugha zote tatu. Akauliza jina kamili la mkalimani, nami nikamtajia langu, la baba na la babu, herufi moja moja, mpaka akaniambia ameshalipata lote.